Mzee Lyamba Agoma Njiani

Gari lilizima mara ya pili kabla ya kufika Sitalike, na Katarina akaruka chini vumbi likiwa halijatulia.

"Kaka kagoma tena," alisema. "Semeni nyie. Mimi ya kwangu nimeshayasema."

Kweli alishayasema. Lilipozima mara ya kwanza, hata nyumba za Mpanda hawajazimaliza, aligonga jeneza kwa kucha akamwomba msamaha kaka yake, marehemu Mzee Lyamba, kwa kutokwenda kumwona hospitalini. Alidai anaumwa, kumbe alikuwa anavuna mpunga. Alipomaliza kulia, gari likawaka. Basi hapo ukimletea mtu habari za injini, unajitafutia ubaya tu.

Telesfori alijitafutia. Yeye ndiye aliyekuwa dereva na fundi wa hiyo pikapu.

"Jamani, marehemu hana kosa. Hii ni sensa ya joto," alisema. "Injini ikichemka, sensa inadanganya kwamba bado ni ya baridi. Petroli inamwagwa nyingi, injini inajaa, inazima. Nyie mnalia nusu saa, yenyewe inapoa, inawaka. Spea ninayo, nipeni dakika kumi."

"Fundi, heshimu maiti," alisema Ndaki, mkwe wa marehemu. "Mzee anaongea, wewe unaleta spana?"

Ndaki akagonga jeneza. Akakiri kwamba ile baiskeli aliyoazimwa na mzee haikuibiwa Misunkumilo kama alivyosema. Aliibadilisha na mbuzi wawili, na mmoja alishaliwa. Akalia kidogo, kwa kiasi cha baiskeli. Gari likawaka. Telesfori akarudisha spana chini ya kiti.

Mbele, pembeni yake, alikaa mjane, Nyanzala. Mama huyu alikuwa na msiba juu ya msiba. Wiki ile mumewe alipolazwa, karatasi ya shamba lao la Mwamkulu ilitoweka sandukuni, na shamba hilo ndilo lililokuwa likiwalisha watoto wanne. Bila karatasi, matanga yakiisha tu, ukoo ungemfungasha virago. Kila mtu kwenye lile gari alijua ni nani alikuwa akiingia mle chumbani siku zile, na hakuna aliyesema. Msibani watu wana adabu.

"Bado mbali?" aliuliza Nyanzala.

"Bado kidogo, mama," alijibu Telesfori, macho barabarani.

Mara ya tatu lilizima katikati ya hifadhi. Waombolezaji wengine walishatangulia Usevya na lori, kwa hiyo pale porini walikuwa watano tu na maiti yao. Mbung'o wakawavamia. Jua lilishaanza kushuka, na hakuna aliyetaka kukutwa na giza mahali pale.

Wote wakamgeukia Makarius, mdogo wake marehemu. Alikuwa amekaa kichwani pa jeneza tangu asubuhi, amevaa koti, joto lote lile.

"Mnaniangalia nini?" aliuliza.

"Hatukuangalii wewe, kaka," alisema Katarina. "Tunaangalia kama kuna simba."

Makarius alivumilia kama robo saa hivi. Halafu mbung'o wakamwingia kwenye kola, akapiga magoti.

"Kaka, karatasi ninayo," alisema. "Nilitaka nikifika nyumbani niwaambie wazee kwamba shamba ulinipa mimi. Hukunipa." Akaingiza mkono ndani ya koti. "Shemeji, shika. Nimekukosea."

Nyanzala aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma mwanzo hadi mwisho, akaifunga kwenye pindo la kanga. Ndipo alipolia kwa mara ya kwanza siku ile, akalia kwa sauti, mpaka Katarina naye akaanza upya.

"Fundi," alisema Nyanzala alipojifuta machozi, "sasa tengeneza gari."

Safari hii hakuna aliyebisha. Telesfori alifungua ile sensa, kidude kama kidole gumba, akaiunganisha na mita yake, akaichovya kwenye kikombe cha chai ya moto kutoka kwenye chupa ya Katarina. Mshale haukutikisika. Akachovya ile nyingine, mshale ukapanda.

"Mmeona?"

"Tumeona," alisema Ndaki. "Mzee keshatoa ruhusa."

Akaifunga ile nzima, akaongeza maji, wakaondoka. Gari lilikwenda vizuri ajabu. Telesfori alianza kupiga mluzi, akakumbuka amebeba nini, akaacha. Wakatoka porini, wakapita Kibaoni, mabati ya Usevya yakaonekana. Walishaanza hata kusikia vilio vya wanawake nyumbani kwa marehemu.

Gari likazima.

Telesfori akafungua boneti. Petroli ilikuwa nusu tenki. Moto kwenye plagi ulikuwepo. Pampu ilikuwa inalia vizuri, maji hayakupungua, na sensa aliipima tena akaikuta nzima. Akawasha, kimya. Akangoja injini ipoe kabisa, mpaka ukiishika ni kama jiwe la mtoni. Akawasha tena, kimya.

"Nani hajasema?" aliuliza Makarius kutoka nyuma.

Katarina alihesabu kwa vidole. Wa nyuma wote walishasema. Nyanzala alikuwa ameshika pindo la kanga, anatazama mbele.

Telesfori alifunga boneti taratibu. Akavua kofia, akazunguka nyuma, akagonga jeneza kwa kidole kimoja.

"Mzee Lyamba," alisema, "ile sensa mbovu niliifunga mimi alfajiri. Aliyenituma ni mkeo."