Misuli ya Macho

Binamu yake alimsukuma hadi mbele kabisa ya kikosi cha haka, ngoma ya vita ya Wamaori ya kujipiga mapaja na kukanyaga ardhi, akafunga breki za kiti cha magurudumu.

"We Rongo, ukituaibisha Wamaori leo, nakuacha hapa hapa mvua ikunyeshee."

"We piga mapaja yako vizuri," Rongo akamjibu. "Yangu ni pambo tu."

Vigimbi vyake vilikuwa vinene kama vya mchezaji wa raga, lakini vilijaa mafuta. Ugonjwa ulikuwa umekula misuli ya miguu, ukapanda mapajani, na sasa ulikuwa unatafuna mabega.

Ng'ambo ya uwanja, nahodha wa shule pinzani, pande la mtu, akamtupia lile tabasamu la kumpa mgonjwa pole. Rongo alilijua sana, na alilichukia kuliko sindano.

Daktari alikuwa amemwambia kwamba ugonjwa huu hauigusi misuli inayozungusha macho.

Haka ikaanza. Ardhi ikatikisika kwa vishindo vya wenzake. Rongo akatoa macho mpaka weupe ukazunguka mboni pande zote, akauchomoa ulimi hadi kidevuni, akamkazia nahodha bila kupepesa. Babu zake walitisha majeshi kwa uso huu huu. Na anayeinamisha macho kwanza ndiye aliyeshindwa.

Tabasamu la nahodha likayeyuka. Akatazama chini.

Rongo akaurudisha ulimi kinywani.

"Kaka, mbona unaangalia viatu? Mimi niko huku."