Jina la Kumtajia Mnyoosha Mgongo

Siku hizi kwa mnyoosha mgongo hulipi hata senti. Unalala kwenye mashine, unataja jina la mtu wa damu yako, na maumivu yote yanahamia kwake. Hiyo ndiyo bei. Ndiyo maana mtu akitoka huko, ukoo mzima unaanza kushikashika viuno.

Wakesho alirudi nyumbani amenyooka kama mlingoti wa mkonge. Mlangoni akamkuta kaka yake Mwakio, jasho linamtiririka.

"Umenitaja, dada?"

"Nikutaje wewe, mvivu? Si ungelala mwaka mzima!"

"Acha mchezo bwana! Umemtaja nani?"

Wakesho akacheka mpaka akainama, na raha yenyewe, kuinama hakukuuma. "Nimemtaja marehemu baba. Mghanga. Kaburini huko mgongo utamuuma nini?"

Mwakio akapumua. "Aisee, umewapiga chenga!" Wakagongeana mikono. Halafu mkono wa Mwakio ukabaki hewani.

"Dada, na mwanao je? Si ulimpa jina la babu yake, kama tunavyofanya sote?"

Wakesho akageukia dirisha. Nje, mpira uliokuwa ukigonga ukuta tangu aingie ulikuwa umenyamaza.

"Baba," akaita taratibu, vile alivyozoea kumwita mwanawe. "Njoo, baba."

Mghanga, mtoto wa chekechea, akaingia pole pole, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. Akawaamkia wote wawili kwa adabu, kisha akaomba kiti.