Mto wa Rozari

Vidole vya Hortense vilikuwa vikikimbia chini ya kitenge mama mkwe wake alipoingia bila kubisha. Vikasimama.

"Unasali rozari?" Mama Huguette aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Hakuwa na nguvu ya kutafuta uongo mwingine.

Mama Huguette alikuwa ametoka Bukavu mpaka kwa mwanawe mtaani Kyebando, nchi jirani, kwa jambo moja: kumtunza mzazi. Kwao, aliyejifungua hukandwa, hulishwa na kulazwa. Hagusi ufagio, sembuse kazi ya ofisi. Jean-Claude alikuwa amemwapia mama yake kwamba mkewe anapumzika.

Lakini ofisi ya Bugolobi, iliyomtumia Hortense rekodi za sauti za mikutano azichape, haikujua habari za uzazi. Akichelewa mara moja, kazi angepewa mwingine. Kwa hiyo mkono wa kushoto ulimshika mtoto wake Gradi kwenye titi, na wa kulia ukachapa kwa kibodi ndogo ya kiganjani, yenye vitufe vichache: viwili vikibonyezwa pamoja ni herufi moja, vitatu ni nyingine. Kilemba kilificha hedifoni. Mgongo ulimuuma. Macho yalijifunga yenyewe.

Ajabu, rozari ile ilimpendeza mno Mama Huguette. Majirani wakija kumwona mtoto, aliwazuia mlangoni.

"Mrudi jioni. Mama Gradi anasali."

"Tena?" Reine wa nyumba ya pili alicheka. "Huyo atakuwa sista mwenye mtoto mgongoni!"

"Na wewe nenda kasali, ulimi wako upate kupumzika."

Kisha akamshonea mkwewe mto mdogo wa kuegemeza mkono wa rozari. Alishona polepole, kwa vidole vilivyopinda.

"Vilipatwa na nini, Mama?"

"Kazi," alijibu, akakata uzi kwa meno.

Asubuhi ya kuondoka kwake, ofisi ilitaka rekodi ndefu kabla ya saa sita mchana. Gradi akaanza kulia, titi hataki, kubembelezwa hataki. Hortense akafumba macho. Hapo alijua kazi imekwenda.

Mama Huguette akaweka mfuko wake chini. Akamchukua mtoto, kisha akausogeza ule mto mpaka kifundo cha mkono wa Hortense kikanyooka.

"Nyamaza, bwana mdogo," alimnong'oneza mjukuu wake. "Hata mimi nilikuwa na bosi. Acha mama amalize ukurasa."