Pumzi ya Mwasiti

Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, macho wameyafumba, wakivuta pumzi taratibu kama mwalimu wa tafakuri alivyowaelekeza. Mwasiti alikuwa ameanza kutulia. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alimwona akilini marehemu binti yake Salha akicheka, si akitweta kitandani.

Mwalimu akamwinamia. "Dada Mwasiti, akili yako ya ndani huvuta kile unachokihofia. Wewe ndiye uliyeuita ugonjwa ule. Kiri hivyo, upate kupona."

Mwasiti akafumbua macho. Damu ilimchemka, lakini sauti haikupanda.

"Mwanangu alikufa kwa homa, mwalimu, na zahanati haikuwa na dawa. Nilikesha nikimkanda. Nimekuja hapa nijifunze kupumua, nawe unanitwisha kifo chake?"

"Hasira hiyo ndiyo kizuizi chako. Iachilie."

"Siiachi. Haijamkosea mtu."

Mwasiti mwenyewe alidhani angeinuka aondoke. Badala yake aliugeuza mkeka wake, akampa mwalimu mgongo, akafumba macho na kuvuta pumzi tena. Nyuma yake akasikia mkeka wa mwenzake mmoja ukiburuzwa sakafuni, nao ukigeuzwa, kisha mwingine.