Komeo la Nje

Kwanza ilikatika waya. Fundi cherehani aliisikia, tik, kisha tik ya pili, akajua hakuna tena kinachoushikilia mlango wa mbele.

Alikuwa chumbani na binti yake, kabati la nguo limesukumwa kuziba mlango wa chumba, mkasi wa kukatia vitambaa mkononi. Muda mfupi kabla alikuwa sebuleni karibu na dirisha, anapindia sketi za shule, mara mkokoteni ukasimama nje ya ukuta. Mwanamume aliyeingia getini alikuwa amekonda na kunyoa kichwa, lakini ile namna ya kutanguliza bega moja angeijua popote. Mpini wa msumeno ulichomoza kwenye mfuko wake. Na mkokoteni wa nini? Wa kubebea cherehani, wa nini kingine! Alimshika mtoto mkono wakakimbia, simu ikabaki mezani.

"Ni baba?" binti alinong'ona.

"Nyamaza."

Ulikuwa mwaka wa nne tangu wampeleke gerezani. Kabla ya hapo alikuwa na desturi yake: kila alipotoka kwenda kulewa, alimfungia mkewe ndani. Komeo alilipigilia mwenyewe, kwa nje, akalitia kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba ya kijani. Hata kuoga alioga nao. Siku mkewe alipothubutu kuegemeza meza mlangoni ili asiingie, aliuvunja mlango kwa mateke, kisha akamvunja na yeye taya. Polisi walipokuwa wanamburuta, aligeuka akasema, "Nikirudi nitawapigilia misumari humo humo ndani." Tangu hapo mlango wao ulikuwa ubao wa kuokoteza uliofungwa kwa waya.

Jirani yao, mama wa kanisa mwenye mdomo usiochoka, alikuwa akienda gerezani kila mwezi na wenzake kuomba na wafungwa. Ndiye aliyeleta habari kwamba mtu anatoka wiki hii.

"Kaokoka, mdogo wangu. Na useremala kajifunza, tena vizuri. Wewe si unafumua gauni bovu ukalishona upya? Basi mwachie Mungu naye afumue."

"Gauni halijawahi kunivunja taya, dada."

Jirani alicheka, kisha akaacha kucheka. Siku ya Jumanne akaja kuazima tepu ya kupimia, akakawia nayo hapo mlangoni, akairudisha na kwenda zake.

Kusema kweli, mwanamke naye aliwahi kuomba hivyo. Mwaka wa kwanza alimwomba Mungu ambadilishe mumewe. Mwaka wa pili akaomba ambadilishe, lakini hukohuko mbali. Siku hizi aliomba jambo moja tu, kwamba asirudi.

Ubao ulianguka kwa kishindo. Mwanga ukapenya chini ya mlango wa chumba. Alisubiri hatua za miguu, zile nzito za kisigino, akihesabu moyoni. Hazikuja.

Ikaja nyundo.

Nyumba nzima ilitikisika. Pigo, pigo, kimya, msumeno, pigo tena. Alimvuta mtoto wakakaa sakafuni. Anapigilia! Miaka minne ameketi na neno lake, na leo analitimiza, tena kwa ufundi aliofundishwa huko huko alikosemekana kuokoka. Dirisha la chumba lilikuwa na nondo. Kupiga kelele kungemwonyesha tu walipojificha.

"Mama, anaongea na nani?"

Akatega sikio. Katikati ya mapigo ilisikika sauti ya chini, ya mtu anayekaribia kulia: "Nisaidie nimalize. Leo, nisaidie nimalize."

Mkasi ulimponyoka. Alimziba mtoto masikio kwa viganja vyake, akaanza kuomba maneno yasiyo na mpangilio. Nichukue mimi, Mungu wangu, huyu mwache. Huyu hajaishi bado.

Kisha nyundo ikanyamaza, ikaja harufu. Harufu kali, ya kupenya puani, ya kitu kinachoshika moto upesi. Akajua sasa kwamba misumari ilikuwa mwanzo tu. Alichana shuka, akaanza kuziba upenyo wa chini ya mlango.

Moto haukuja. Yalisikika magurudumu ya mkokoteni yakiondoka polepole, yakigonga mawe, mpaka yakapotelea barabarani.

Alikaa kitambo kirefu. Mwishowe alisukuma kabati, akatoka na mtoto nyuma yake.

Cherehani ilikuwa mahali pake, na simu juu ya meza. Lakini palipokuwa na ubao na waya, sasa palisimama mlango mzima wa mbao nzito, unang'aa vanishi ambayo haijakauka. Aliuvuta. Akausukuma. Akaupiga kwa bega mara tatu, vanishi ikamchafua gauni, mlango haukutikisika hata kidogo.

"Katufungia," alisema huku machozi yakimtoka. "Katufungia tena."

Binti alikuwa amenyanyua uso, anatazama chuma kipya juu ya kitasa. "Mama," alisema, "mbona komeo liko huku kwetu?"

Na chini, zikiwa zimesukumizwa kwa ndani kupitia upenyo wa kizingiti, zilikuwepo funguo zote tatu za kitasa, zimefungwa pamoja kwa kamba ya kijani.