Mkasi wa Utepe

Bi Siwema alikisoma kibao cha uzinduzi mara mbili. Kilisema pampu ile imebuniwa na wataalamu wa mradi. Wataalamu! Gurudumu lilikuwa la baiskeli ya marehemu mumewe, na vile vipande vya mpira kwenye kamba, vinavyopandisha maji kutoka kisimani, alivikata mwenyewe kutoka kandambili kuukuu za mtaa mzima. Mradi ulileta rangi ya buluu tu.

"Mama, sogea kidogo, unaziba picha," alisema mshereheshaji.

Alisogea. Alisogea mpaka kwenye sinia lenye mkasi wa kukatia utepe, akauchukua, akaikata kamba yake, akaivuta yote huku ikichuruzika maji, kisha akaitundika begani.

"Si mmeibuni nyinyi? Basi ibuneni tena, niwaone."

Majirani walikuwa wamepanga foleni tangu asubuhi. Mmoja aliinua ndoo yake tupu, akamfuata. Kisha wa pili. Kisha wote.

Kamera zilikuwa tayari. Mgeni rasmi akashika mpini, akazungusha. Gurudumu likaenda jepesi, likazunguka na kuzunguka, na chini ya bomba ndoo iliyofungwa utepe ikasubiri.