Mabati Ishirini na Mawili

Bahasha ilirudi kwa mara ya tatu. Safari hii mshonaji aliikuta kizingitini, imebanwa kwa jiwe ili upepo usiichukue.

Aliiokota, akahesabu. Hakikupungua kitu. Yalikuwa malipo ya fundi ya siku tano, kwa bei aliyokwenda kuiulizia mwenyewe kwenye karakana mbili, akaongeza na ya chakula cha mchana, maana mtu huyu alikataa hata chai yake. Hakumpunja. Yeye hakuwa mtu wa kupunja. Mteja akimletea kitambaa, hata kipande cha kufutia meza alikikunja akakirudisha.

Juu, nyundo iligonga. Fundi alikuwa anamalizia kofia ya paa.

"Mwanamume hataki pesa?" jirani aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, akianika nguo. "Basi anamtaka mwenye pesa."

"Mkewe si yule pale?" mshonaji akajibu.

Mke wa fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ngazi, akitenga misumari iliyopinda na iliyonyooka. Upasuaji ulimwachia mwili usioweza kusimama kwa muda mrefu, lakini siku zote tano alifuatana na mumewe. Mshonaji akimtazama, yeye hutazama misumari.

Hilo nalo lilimchoma. Fundi huyu alikuwa rafiki wa nyumba ile tangu zamani, na kwa sababu hiyohiyo mshonaji alitaka kumlipa kama mtu baki. Kazi ya urafiki isipolipwa kwa pesa hulipwa kwa masimango. Alimwita kwa kazi, hakumwita kwa sadaka. Naye Jumatatu akaja na mkokoteni, akashusha mabati ishirini na mawili, akasema bei ya mabati wataongea baadaye, na mpaka leo hajaitaja. Kisha akaegemeza ngazi, ndipo akapanda kulitazama paa.

Na chini ya hasira hii ilikuwako nyingine, ya zamani.

Miaka mitatu iliyopita, mshonaji na mumewe waliipima nyumba kwa futi ya kushonea, wakicheka kama watoto, mpaka wakapata idadi ya mabati. Aliiandika kwenye kipande cha karatasi ya kaki ya kukatia nguo, akakifunga pamoja na akiba yao yote, akamtuma mumewe dukani. Mume akarudi jioni mikono mitupu.

"Pesa ziko wapi?"

"Zitarudi."

"Kwani zina miguu?"

"Zitarudi, mke wangu."

Hakusema zaidi, siku ile wala wiki ile. Wiki ya pili mshonaji alimtilia nguo zake kwenye gunia, akaliweka nje, akafunga mlango. Tangu hapo kila mvua ilimkuta akipanga masufuria sakafuni. Cherehani ilishika kutu. Shela la bibi harusi wa watu liliingia doa, akalilipa kwa miezi minne. Kila tone lililodondoka lilimtajia mwanamke asiyemjua, au meza ya kamari, naye alilala akilijibu kwa matusi.

Nyundo ikanyamaza. Fundi akashuka, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Shemeji, tumemaliza."

"Usiniite shemeji. Aliyekufanya shemeji hayupo." Akamnyooshea bahasha. "Chukua."

"Siwezi."

"Ndogo?"

"Inatosha na kuzidi."

"Sasa unataka nini? Kila nikikutana nawe njiani niinamishe kichwa? Watu waseme niliezekewa kwa huruma?" Akaisogeza bahasha karibu zaidi na kifua cha fundi. "Nimekula nini chako mimi mpaka unifanye ombaomba kwenye nyumba yangu? Dawa ya deni ni kulipa, fundi. Hilo nalo nikufundishe?"

"Nalijua," fundi akasema polepole.

Upande wa pili wa ukuta, jirani aliacha kuanika.

"Nikuulize kitu," fundi akasema. "Mwenyewe akija leo kuliona paa hili, utamfungulia?"

"Nani, mwizi wangu?" Mshonaji alicheka kicheko kikavu. "Nitamfungulia, kwa nini nisimfungulie? Aje tu na mabati yangu mgongoni."

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akaweka chini kopo la misumari, akaitikia kwa kichwa.

Ndipo fundi akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kipande cha karatasi ya kaki, mikunjo yake imechakaa karibu kukatika. Akakiweka juu ya bahasha, kwenye kiganja cha mshonaji.

Mshonaji aliutambua mwandiko kabla ya kuusoma. Ulikuwa wake.

*Mabati 22.*

"Kilikuwa katikati ya pesa," fundi alisema. "Alitupitia hospitali akielekea dukani. Akanikabidhi palepale, mlangoni pa chumba cha upasuaji. Nikamwapisha asikwambie mpaka nizirudishe. Nilimwambia wiki mbili."

Mke wa fundi aliinuka kwenye kigoda, mkono mmoja tumboni.

"Alikwambia zitarudi, dada," akasema. "Tuliozichelewesha ni sisi."